Sentensi Aliyoikata Minza

Daftari la mtoto likiwa safi sana huwa linanitia wasiwasi. Nawaambia hivi ninyi vijana mnaotoka vyuoni sasa, mnaopangiwa shule za huku kwetu Bariadi mkiwa na sanduku jipya na woga mpya, kwa sababu mkaguzi atawaambia kinyume. Atafungua daftari, ataona mistari imenyooka na hakuna palipofutwa, ataridhika. Mimi nikiona daftari la namna hiyo najiuliza mtoto huyu amenakili kwa nani, au anamwogopa nani.

Nimefundisha darasa la tatu na la nne karibu miaka yangu yote ya kazi. Nilimaliza kidato cha nne, nikapata cheti cha ualimu, nikapelekwa shule moja upande wa Sapiwi, na cheo sikupanda, maana cheo kinataka mtu wa kusimama mbele ya watu na kusema. Mimi mbele ya watoto wa miaka kumi nasimama vizuri tu. Mbele ya baba zao ulimi unakauka. Tangu nikiwa kidato cha pili nilizoea kuandika kwenye kaunta buku yale yote niliyoshindwa kuyasema mchana, na haya ninayowaandikia mengi nimeyatoa humo. Mengine sikuyaandika wakati ule. Hata kaunta buku niliionea aibu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilianza kufundisha insha kama nilivyofundishwa mwenyewe: naandika ubaoni, wanajaza mapengo, nakusanya, nasahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka vidole vinauma, narudisha. Mtoto anafungua, anatazama alama, anafunga. Makosa yale yale yanarudi wiki ijayo kama kuku wanaorudi bandani. Kichwa cha insha kilikuwa Siku ya Sikukuu, na watoto wote arobaini na kitu walikula pilau na soda siku hiyo, wakavaa viatu vipya, wakarudi nyumbani wakiwa na furaha tele. Wengi wao viatu hawakuwa navyo, na sikukuu kwao ilikuwa ugali na kuku mmoja kwa watu kumi na nne.

Aliyenifungua macho ni mwalimu Ngassa, mzee wa darasa la kwanza, mvuta ugoro, mtu wa sweta hata jua la Oktoba likiwa limetuelemea. Alinikuta nimeinamia rundo la madaftari wakati wenzangu wanakunywa chai. Akaniuliza, wewe unasahihisha, na wao hapo wanafanya nini? Nikamwambia wanacheza. Akasema basi anayejifunza kuandika ni mimi, na nitakuwa mwandishi hodari sana nikifika uzeeni, ila hao watoto watabaki walivyo. Akanusa ugoro wake, akapiga chafya, akaondoka. Ndivyo alivyofundisha, anakutupia neno kisha anakuacha nalo.

Baadaye alinionyesha namna. Mtoto hasikii kosa lake kwa macho, alisema, analisikia kwa masikio. Nikawapanga wawili wawili. Mmoja anasoma insha yake kwa sauti, mwenzake anasikiliza bila kuiona karatasi, na akipotea njia ananyoosha kidole. Hasemi kitu, kidole tu. Msomaji anasimama, anatazama alipofikia, anatafuta mwenyewe kilichompoteza mwenzake. Jaribuni hilo. Utaona mtoto anasoma sentensi yake kwa mbio, kisha sauti inapungua, kisha anasema polepole, "aah, hapa sikumaliza." Siku ya kwanza kusikia hiyo "aah" nilikwenda nyumbani na furaha ambayo sikuwa na wa kumwambia.

Msidanganyike lakini kwamba ni kazi nyepesi. Muhula ule ule niliwaambia wachukue insha ya zamani waiboreshe. Mtoto mmoja, Kulwa, alikuwa ameandika kwamba baba yake ana ng'ombe kumi na wawili. Katika nakala ya pili wakawa thelathini. Ya tatu, sitini, na fahali mweupe. Nikamwita nikamuuliza hawa wengine wametoka wapi. Akanijibu kwa heshima kabisa, mikono nyuma: "Mwalimu, ulisema tuboreshe." Ngassa alipolisikia hilo alicheka mpaka sweta likafunguka vifungo. Akasema kwa Msukuma huyo mtoto amefaulu.

Karatasi za kufanyia mazoezi hayo zilitoka mahali ambapo hamtapafikiria. Ndiyo miaka ya soko huria ilikuwa inaingia. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao na mizani zao, na chama cha msingi cha ushirika kilichokuwa kinanunua pamba ya kijiji kizima kikadhoofika mpaka ghala likabaki na popo. Mlinzi wake wa zamani akaturuhusu tuchukue mabunda ya fomu za kugawia mbegu, ambazo hazikuwa na wa kumgawia tena. Upande mmoja zimechapwa, upande wa pili ni peupe. Daftari mzazi ananunua kwa taabu, na mtoto akilijaza mistari iliyokatwa atapigwa nyumbani kwamba anachezea. Lakini fomu ilikuwa bure. Rasimu ya kwanza wakaiandika kwenye fomu, ya pili kwenye fomu, na ile iliyoiva tu ndiyo inaingia daftarini.

Nikawawekea taratibu. Ya kwanza, hakuna kufuta kwa kidole kilicholoweshwa mate, maana kinatoboa karatasi. Usichokitaka kikate kwa mstari mmoja, mwembamba, kisomeke bado, huenda ukakitaka kesho. Ya pili, insha ilale. Ikiandikwa Jumatatu inawekwa kwenye boksi mpaka Alhamisi, na Alhamisi mtoto anaisoma kama ya mtu mwingine. Ya tatu ilikuwa maswali matatu niliyoyaandika kwenye karatasi ya manila na kuyabandika ukutani: Nimesema nilichotaka kusema? Mwenzangu ameelewa? Kipi hapa hakihusu?

Ngassa alisimama mlangoni akayasoma. Mawili ya mwanzo akayapitisha. La tatu likamkaa vibaya. Akasema nisimfundishe mtoto kukata kabla hajajua kuongeza. Mtoto wa huku, akasema, tangu anazaliwa anafundishwa kupunguza maneno mbele ya wakubwa. Wewe unampa wembe tena? Nilimheshimu sana mzee yule, lakini nilikuwa nimetoka chuoni na chuoni walisema insha nzuri haitoki nje ya kichwa chake. Nikaliacha palepale.

Minza alikuwa darasa la nne. Mtoto wa pili wa Masanja, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kitongoji chao. Baba yule alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, na watu wakimwona anakuja na filimbi yake shingoni hata wasiokuwa na kosa walikuwa wanajipanga. Mtoto wake alikuwa kama mimi. Hanyooshi mkono. Ukimwuliza swali anatazama kidole gumba cha mguu. Lakini mpe karatasi, mwache, rudi baada ya muda, utakuta ameona vitu ambavyo wewe umepita navyo kila siku hukuviona. Aliwahi kuandika kwamba bibi yake akicheka anaziba mdomo kama anazuia kuku wasitoke. Nililipenda hilo, nikalinakili.

Nilimpenda zaidi ya wengine, na mwalimu hatakiwi. Nakiri.

Kichwa cha insha kilikuwa Kazi Ninazofanya Nyumbani. Rasimu ya Minza ilikuwa nusu ukurasa. Anachota maji, anatwanga, anapalilia, anawasha moto. Msimu wa kupulizia dawa pamba anachota maji ya kujaza bomba la kupulizia, anakoroga dawa kwa kijiti, baba anapulizia, yeye anafuata mistari kumwonyesha alipofika. Halafu katikati: *Dawa ya pamba inalala na sisi chumbani chini ya kitanda na asubuhi kichwa changu kinazunguka.* Kisha anaendelea, jioni anafungia ndama.

Lazima mwelewe kwa nini dawa ilikuwa chumbani. Zamani iliwekwa kwenye ghala la chama, ikitolewa wakati wa kupulizia tu, na bwana shamba amesimama pale. Soko huria lilipokuja, ghala likafa. Dawa ikawa ya dukani na ya mnadani, nyingine inamiminwa kwenye chupa za soda bila karatasi ya maelezo. Ilikuwa adimu na ya kuibiwa. Mtu akiipata anaiweka mahali salama kuliko pote, yaani ndani, chini ya kitanda, wanapolala watoto, kwa sababu hapo mwizi hafiki. Haikuwa ukatili. Kila nyumba ilifanya hivyo, na mimi niliyepanga chumba kwa mama mmoja pale senta nililala mlango wa pili na chupa zake.

Basi Alhamisi ikafika, watoto wanapitia kazi zao. Nikapita nyuma ya Minza, nikasoma juu ya bega lake. Niliweka kidole kwenye ile sentensi, kisha nikakielekeza ukutani, swali la tatu. Kichwa kinazunguka, hiyo ni kazi? Haihusu. Minza aliinua macho akanitazama. Nilidhani anafikiri. Kisha akachukua rula, akaikata kwa mstari mmoja, mwembamba, kama nilivyowafundisha. Nakala yake ya mwisho niliibandika ukutani. Niliandika *vizuri sana*.

Wiki zilipita. Akaanza kusinzia darasani, macho yanatoa machozi, mate yanamtoka pembeni ya mdomo. Nilimsimamisha mbele ya wenzake mara mbili kwa kusinzia. Hilo nalo liandikwe.

Kilichonistua ni uhaba wa karatasi. Fomu za mbegu zilikuwa zinakwisha, nikawa napitia rasimu za zamani kutafuta zenye nafasi ya kuandikia tena. Nikakutana na ya Minza. Mstari wake ulikuwa mwembamba mno, maneno yote yanasomeka. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nilijua sasa kwa nini anasinzia.

Mtu mwingine angevaa viatu akaenda. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa nusu saa tu, kupita majaruba ya mpunga. Mimi nilitoka mpaka kwenye mti wa kengele, nikarudi. Nilimfikiria kamanda ameketi kwenye kigoda chake, na mimi msichana wa miaka ishirini na mitatu nimesimama mbele ya wakeze nikimwambia anawadhuru watoto wake. Nitaanzaje? Nikafanya nilichokijua. Niliandika barua.

Niliandika rasimu tatu. Nilikata, nikapanga upya, nikailaza hadi kesho yake kama sheria yangu inavyotaka, nikaisoma kwa sauti chumbani. Ilikuwa barua nzuri, heshima mwanzo na mwisho. Katikati nilisema wazi kwamba dawa ya pamba inatoa mvuke wenye sumu, kwamba Minza ameumwa kwa sababu yake, kwamba itolewe chumbani leo hii na mtoto asiikoroge tena. Nikaikunja mara nne. Nikampa Minza aipeleke.

Vijana, someni hapo tena. Nilimpa Minza.

Huku kwetu mtoto aliye shuleni ndiye macho ya nyumba. Barua ya hospitali, tangazo la mtendaji, kadi ya mwaliko wa arusi kutoka Maswa, vyote anasoma yeye, huku wakubwa wamekaa wanamsikiliza. Masanja Kiswahili alikijua cha mnadani, kusoma hakujua. Barua yangu ya Kiswahili ilikuwa isomwe kwa Kisukuma, na atakayeigeuza ni mtoto wa miaka kumi na moja, amepiga magoti mbele ya baba yake. Nililijua hilo. Kila mwalimu analijua. Ila kichwani mwangu barua ilikuwa inatoka kwangu kwenda kwa Masanja, nikasahau kwamba inapita kinywani mwa mtu.

Kesho yake nikamwuliza kama ameifikisha. Ndiyo, mwalimu. Uliisoma yote? Akatazama kidole chake cha mguu. Ndiyo, mwalimu. Baba amesemaje? Akasema amefurahi.

Nilishusha pumzi. Neno hilo *amefurahi* lilikuwa la ajabu kwa barua ile, lakini nilikuwa nalitaka sana, nikalipokea. Siku ya mnada nikakutana na Masanja mwenyewe uso kwa uso, nimeshika kapu la michembe ya viazi vikavu. Akanisalimia, mwangaluka, nikaitikia. Akasema, "Mwalimu, barua yako imenifurahisha moyo. Hakuna aliyewahi kuniandikia hivyo." Hapo palikuwa na nafasi pana kama uwanja. Ningeuliza tu, na ile dawa, baba? Maneno manne. Nikainamisha kichwa nikasema asante.

Dawa ilivuja mwisho wa msimu ule, chupa moja iliyozibwa kwa gunzi. Ililowesha usiku mkeka aliolalia Minza sakafuni, na asubuhi Minza hakuamka vizuri. Walimpakia kwenye baiskeli, kisha kwenye gari la mnunuzi wa pamba lililokuwa linapita. Mdogo wake alikuwa amelala na mama kwa sababu ya homa, akanusurika. Mimi nilipata habari nikiita majina. Nilisema Minza Masanja, na Kulwa, yule wa ng'ombe sitini, akasema, "Mwalimu, Minza amefariki." Niliita jina lililofuata. Sijui kwa nini, niliendelea mpaka mwisho wa orodha.

Mtaniuliza nilibadilisha nini baada ya hapo. Swali la tatu nililibandua siku hiyo hiyo. Nafasi yake nikaweka jingine, nililolitumia mpaka nastaafu: Hii uliiweka kwa nini? Halafu unanyamaza. Sentensi isiyohusu katika insha ya mtoto mara nyingi ndiyo sababu ya yeye kushika kalamu siku hiyo. Mwulizeni kwanza. Akikujibu, akate ikibidi, lakini wewe uwe umesikia. Na mtoto akiandika jambo la mwili wake, ameumwa, amepigwa, hajala, hiyo si insha tena. Weka chini chaki. Nenda kwa miguu yako, hata ukitetemeka. Barua yenye jambo la mtoto asipewe mtoto huyo kuisoma. Naona mnacheka, mnasema siku hizi kila mzazi ana simu. Simu hizo nazo nimeona nani anazisomea nyumba.

Sipendi kuandika sehemu iliyobaki. Nimeizunguka muda mrefu.

Baada ya matanga kuanuliwa, Masanja alikuja shuleni. Ilikuwa saa nne, watoto wako nje, walimu wenzangu wamekwenda kunywa uji. Nilikuwa peke yangu ofisini. Hakuwa na filimbi. Aliniamkia, na mimi mdogo kwake ndiye niliyestahili kumwamkia kwanza. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akatoa barua yangu kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mara nne vilevile.

Alizungumza Kisukuma, polepole. Alisema mpwa wake amekuja matangani kutoka Maswa, yuko sekondari, ameiokota barua kwenye vitu vya marehemu akamsomea. Amemsomea maneno mabaya. Yeye amemwambia mpwa wake ni mwongo, anatafuta kumharibia jina marehemu, na karibu ampige mbele ya wageni, maana barua hiyo Minza alishaisoma na haikuwa hivyo.

"Nimekuja kwa mwenye barua," akasema. "Nisomee wewe."

Nawaambia ukweli, nilipoishika niliona njia mbili. Ningeweza kuisoma kwa Kisukuma kama ninavyotaka. Ningetaja salamu, ningetaja bidii ya mtoto, ningeacha pale katikati, na Minza angebaki msema kweli machoni pa baba yake, na mpwa angebaki mwongo, na mimi ningebaki mwalimu aliyeandika barua ya kufurahisha moyo. Alikuwa ananitazama kwa matumaini. Alitaka niyaruke yale maneno mabaya.

Nilisoma yote. Sauti yangu ilikuwa ndogo, akaniambia nipaze, nikapaza. Nilipofika kwenye dawa, na chumba, na kichwa kinachozunguka, nilisoma kama nilivyoandika. Nilipomaliza alisema rudia pale. Nikarudia.

"Basi mpwa wangu hakudanganya," akasema.

"Hakudanganya, baba."

"Aliyenidanganya ni Minza."

Hapo nikasema. Sijui maneno yalitoka wapi, yalitoka vibaya, Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika. Nilimwambia Minza hakuwa mwongo. Nilimwambia aliandika habari ya dawa kwa mkono wake mwenyewe darasani, na mimi nikaweka kidole pale nikamwambia haihusu, akaikata. Kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mtoto wake kuondoa. Kwamba aliposoma barua aliondoa lile ambalo lingemwaibisha baba yake mbele ya watu, kama alivyofundishwa nyumbani na shuleni, na asilaumiwe kwa hilo, alaumiwe aliyemfundisha.

Masanja alisikiliza mpaka mwisho. Nilisubiri anitukane. Aliitazama barua mkononi mwangu.

"Hakuondoa tu, mwalimu," akasema. "Aliongeza."

Nikamwuliza aliongeza nini.

"Alisoma kwamba mwalimu anaomba Minza awe analala kwa bibi yake. Kwamba kule kuna utulivu wa kusomea. Alilisoma mara mbili. Mimi nilifurahi kwa yale mengine, lakini hilo nikalikataa. Nikamwambia bibi anakohoa usiku, utashindwa kulala. Lala hapa hapa."

Kisha akanyoosha kidole kwenye karatasi, mbali kidogo, kama anaogopa kuigusa.

"Bibi hayumo humo?"

Niliipitia tena barua yote, mstari kwa mstari, ingawa niliijua kwa moyo.

"Hayumo, baba."

Hakuinuka. Kengele ikagongwa, watoto wakaanza kupita dirishani kurudi madarasani, wakisukumana, na Masanja akageuza kiti chake akawa anawatazama, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akapita.